Ndoo ya Kabula

Ujumbe wa mwalimu mkuu uliingia kwenye simu yangu nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita, na nilipomaliza kuusoma nilikuwa nimempa mtoto wa watu vema kwenye hesabu aliyokosa. Aliandika kwa adabu zote, shikamoo mwanzoni na Mungu akubariki mwishoni, na katikati akaweka mwiba. Kisima kirefu cha shule kimekamilika, tangi limepanda, mabomba yamefika hadi mabwenini. Kwa kuwa mimi ni katibu wa umoja wa wasichana tuliosoma pale, na kwa kuwa niliwahi kulala kitanda kimoja na mfadhili, mimi juu yeye chini, basi naombwa nimtambulishe mgeni rasmi siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi ni Kabula. Kabula ambaye hakumaliza hata kidato cha pili.

Niseme wazi mapema ili tusisumbuane: niliona wivu, na haukuwa wivu mdogo wa kusonya na kusahau. Miaka kumi na minane nimekuwa nikienda shuleni pale kila likizo. Nimewafundisha kidato cha nne hesabu siku za Jumamosi bila mtu kuniita. Nimebeba boksi la taulo za kike nyuma ya pikipiki kutoka Shinyanga mjini, vumbi likinijaa hadi kwenye nyusi, na nilipotuma picha ya boksi lile kwenye kundi letu la simu walinijibu watu wawili, mmoja akiuliza kama nimeona mahali sweta yake aliyoisahau kwenye kikao. Kisha Kabula akaingizwa kundini, picha yake akiwa na miwani ya jua mbele ya karasha ya kusagia mawe ya dhahabu kule Mwakitolyo. Wiki ya pili akaandika maneno matatu tu, "Nitawaletea maji," na simu yangu ikawaka siku tatu mfululizo kwa mioyo na makofi. Wakaanza kumwita Mama Maji. Mimi walikuwa wananiita Katibu.

Nilikubali kumtambulisha, kwa sababu kukataa kungeuonyesha wivu wangu. Jioni ile nilikaa na karatasi mbele yangu kuandika maneno ya kumsifu, na badala ya sifa nikauona mwaka wetu wa kidato cha kwanza. Bweni letu lilikuwa na vitanda vya chuma vya ghorofa, ishirini na vinne, na kila kitanda chini yake masanduku mawili ya bati. Mlango haukufungika vizuri, kwa hiyo upepo ulituletea vumbi na harufu ya jikoni, na kabla kengele haijalia tulikuwa tunajua kama ni maharage au dagaa. Kabula hakuwa na godoro. Alitandika mkeka juu ya nyavu za kitanda na blanketi juu ya mkeka, na asubuhi mgongo wake ulikuwa na miraba. Usiku wa baridi wa Juni nilimwambia apande juu kwangu, akapanda, akanisogeza ukutani kwa usingizi wake mzito, na nikiwa nimebanwa pale nilijiona mtu mwema sana. Nadhani hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Nilimpenda Kabula kwa sharti kwamba abaki chini.

Maji ndiyo yaliyotutawala. Bomba lilikuwa moja, nyuma ya jiko, na lilitoa maji ya kusuasua kwa saa chache tu. Hatukupanga foleni sisi wenyewe. Tulipanga ndoo, kisha tukaenda kula au darasani, na ndoo ikakushikia nafasi yako. Muda wa maji ukifika, kiranja wa maji alipita akisoma majina yaliyoandikwa kwenye ndoo, na mwenye jina aliitika abee na kusogea. Ndoo za plastiki tulizotoka nazo nyumbani hazikufaa kitu, maana upepo wa kwetu ulizibeba hadi uwanja wa netiboli, na ndoo ikiondoka nafasi imeondoka. Ndoo za kweli zilikuwa za bati, nzito, na hizo hazikununuliwa. Zilirithiwa. Siku ya mahafali, kila msichana wa kidato cha nne mwenye ndoo ya bati alimwita mbele mdogo wake mmoja wa kidato cha kwanza, akachovya kijiti kwenye rangi iliyobaki ya kuandikia namba za madawati, akaandika jina la yule mdogo chini ya jina lake. Ndoo nyingine zilikuwa na majina manne au matano, moja chini ya jingine. Ukichota kwa ndoo ya namna ile, ulichota na wote waliokutangulia.

Kulikuwa pia na upande wa pili wa desturi hiyo. Msichana akifukuzwa shule, Matroni alikuja kwenye foleni ya ndoo na kisu cha jikoni, mbele yetu sote, akalikwangua jina lake hadi bati likang'aa. Ndiyo maana kwetu hatukusema fulani amefukuzwa. Tulisema amekwanguliwa, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Ndoo niliyoitaka mimi ilikuwa ya Dada Holo. Holo alitoka Nkome, ziwani, na sanduku lake lilinuka dagaa mpaka tukaizoea harufu ile kama ya nyumbani. Alikuwa mrefu, mpole, akipita kila mtu alinyoosha sketi. Kidato cha kwanza chote nilimfulia blauzi zake. Nikiletewa matobolwa, viazi vilivyokaushwa, na karanga kutoka nyumbani, fungu la kwanza lilikuwa lake, na mimi nilikula vilivyobaki nikimwangalia kinywa. Kila mtu alijua ndoo ni yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafanya mazoezi ya kuandika jina langu, Modesta, nyuma ya daftari la jiografia, herufi zote zikilingana.

Siku moja kabla ya mahafali nilikuwa stoo nikichambua maharage, nimekaa juu ya gunia nyuma ya mlango, Holo na Matroni wakasimama nje kuongea bila kujua kama nipo.

"Ndoo yako si unampa Modesta?" Matroni aliuliza. "Amekufulia mwaka mzima huyo mtoto, hadi mikono imechubuka."

"Hapana, Matroni. Nampa Kabula."

"Kabula? Huyu asiye na godoro?"

"Huyo huyo. Modesta hata nisipompa atarudi shule. Kwao likizo ikikaribia kwisha wanamfungia mzigo wenyewe. Kabula akifika nyumbani hakuna wa kumuuliza shule inafunguliwa lini. Lakini akijua ana ndoo hapa, ina jina lake, atarudi. Hawezi kuiacha."

"Haya mayu, mama yangu," Matroni alisema. "Ndoo ni yako."

Niliendelea kuchambua maharage. Niliyatupa mazima na kuyaacha yaliyotobolewa na wadudu, na kesho yake watu walilalamika sana mezani. Naomba msomaji akumbuke maneno ya Holo, kwa sababu mimi niliyasikia yote na niliyaelewa. Siwezi kusema nilikuwa mtoto sikujua. Nilijua ndoo ile ilikuwa kamba ya kumvuta Kabula arudi, na bado kilichoniuma ni kwamba kamba ile hakupewa mtu aliyeifulia.

Mwaka wa kidato cha pili basi nikauishi chini ya kitanda chake, kwa namna ya kusema, ingawa niliendelea kulala juu. Kabula na ndoo ya Holo wakawa kitu kimoja. Ndoo yangu ya plastiki ilipopasuka, alianza kunigawia maji yake, nusu kwa nusu, kila siku, bila kuombwa na bila kukumbusha. Ningekuwa na roho nzuri ningeshukuru. Nilioga maji yale na nikamchukia kidogo zaidi kila nilipojipaka sabuni. Mezani nako alikuwa nazo hadithi, ugali unapoa watu wamemwegemea, na mimi niliyekuwa wa kwanza darasani nikaona jinsi ilivyo rahisi kuwa wa kwanza mahali ambapo hakuna anayekuangalia. Hata kucheka kwake kulinikera, kwa sababu na mimi kulinichekesha.

Mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kimekauka kabisa, zikaja habari kwamba mama yake amelazwa Kolandoto na hana wa kumuuguza. Matroni alimpa ruhusa. Kabula alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaniita nyuma ya bweni akiwa ameishika ndoo.

"Modesta, nitunzie. Usiiweke stoo, itabebwa. Chota nayo tu, nikirudi utanipa."

"Utarudi lini?"

"Mama akipona. Au asipopona." Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Nitarudi. Si ndoo yangu ipo?"

Nilimwambia nenda, itakuwepo. Nikaichukua. Na kwa wiki tatu nilichota kwa ndoo niliyoitamani mwaka mzima, ila kiranja wa maji alipopita akisoma majina, alipofika kwangu alisoma lililokuwa chini kabisa. "Kabula!" Nami nikaitika abee. Wasichana wakaangua kicheko. Siku ya kwanza na mimi nilicheka. Siku ya nne walishaifanya mchezo, hata darasani nikinyoosha mkono mtu anasema "jibu, Kabula." Nilikuwa nimembeba chini ya kitanda changu, nimempa godoro langu, na sasa hata jina langu limeliwa. Jumamosi moja mchana, wenzangu wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilichukua wembe nikakaa nyuma ya jiko na kulikwangua jina la Kabula. Lilitoka taratibu, vipande vidogo vya rangi ya kijani vikiniingia kwenye kucha. Pale pale, juu ya bati lililong'aa, nikaandika Modesta kwa herufi zilizolingana. Matroni alipoiona aliniuliza kama Kabula ameniachia. Nikasema ameniachia. Haukuwa uongo, na ndiyo maana ulinitoka kirahisi.

Januari kitanda cha chini akapewa msichana mwingine. Tulisema tu Kabula hakurudi, kama tulivyosema kwa wengi. Nami siku ya mahafali yangu nilimrithisha ndoo ile msichana wa kidato cha kwanza, nikapigiwa makofi.

Siku ya uzinduzi nilivaa gauni langu la kikao. Kabula alikuja na gari la juu lililojaa vumbi jekundu la Mwakitolyo, na kabla hajashuka wafanyakazi wake wawili walishashuka kumfungulia mlango. Amenenepa vizuri. Viganja vyake vigumu, nilivisikia aliponishika mikono yote miwili. "Modesta! Mwadila!" aliniamkia kwa Kisukuma, akanikumbatia mbele ya watu, na nilimnusia manukato nikitafuta kasoro. Nilimtambulisha kwa dakika mbili. Nilisema ni mama mchapakazi, ana maduara mawili, mashimo ya dhahabu yanayotema vizuri, na karasha tatu, alisoma hapa "kwa muda". Hayo maneno mawili niliyatamka polepole zaidi ya mengine, nami ninaungama hivyo.

Aliposimama kujibu hakuwa na karatasi. "Wanangu," aliwaambia wasichana, "mimi shule hii ilinikwangua." Wazee wenzangu waliokijua kisa cha ndoo wakaguna. Wasichana wa leo hawakuelewa, wakacheka kwa adabu. "Ilinikwangua, na sikuwahi kuuliza kosa langu. Nikaenda kusugua mawe. Lakini kabla ya kunikwangua ilikuwa imeniandika, na hakuna mahali pengine palipowahi kuniandika. Basi fungueni maji." Akalifungua bomba, maji yakaruka yakamlowesha viatu, bweni zima likapiga vigelegele. Mimi nilibaki nimekaa. Matroni hakuwahi kumkwangua Kabula. Nilikuwepo siku zote alizokuja na kisu chake.

Bwaloni walikuwa wamepamba meza ya kumbukumbu, kitambaa cheupe, picha za zamani, na ndoo tatu za bati zilizookotwa stoo. Pembeni yake palikuwa na keki, na kisu cha keki kimefungwa utepe. Watu walikuwa wamepanga mstari wa pilau. Kabula akanishika kiwiko akanipeleka hadi kwenye ndoo ya katikati. Niliijua kabla sijaifikia.

"Ndiyo yenyewe," alisema. Akapitisha kidole kwenye majina, akafika kwa Holo, akashuka. "Unajua nilirudi?"

"Ulirudi wapi?"

"Hapa. Mama alifariki mwezi wa kumi na moja. Nikaenda Nkome kwa Dada Holo, nikamwambia nataka kurudi shule, akanitafutia kazi ya kuanika dagaa kwa mama mmoja. Nimeanika mpaka ada ikatimia. Shule ilipofunguliwa nikaja. Mlikuwa humu mnakula, ndoo ziko foleni peke yake. Nikasema ngoja kwanza nikaione ndoo yangu." Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya jina langu. "Nikaona nimekwanguliwa. Nikajua Matroni ameamua, nimekaa sana bila kuleta habari. Sikuingia hata kwa mwalimu. Ningeingia kusema nini? Niligeuka palepale, nikatoka getini."

Niliunyoosha upindo wa kitambaa cheupe cha meza.

"Ila nilipoona wameandika Modesta," akaendelea, "roho yangu ikatulia kidogo. Nikasema heri imekwenda kwa mwenzangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema heri Modesta."

Kama angenisuta ningejua la kufanya, maana kujitetea naweza. Nyuma yetu watu walikuwa wanacheka, mtu anaomba kachumbari iongezwe. Niliangalia marumaru waliyoitundika ukutani yenye jina lake zima, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilipata wazo kwamba kama nisingelifanya lile asingekuwa na karasha hata moja, kwa hiyo na maji yale ni yangu kidogo. Ndivyo wivu ulivyo kwangu, hauna aibu hata msibani. Wazo lenyewe likanichefua, na nadhani ndilo lililonifungua mdomo.

"Matroni hakukukwangua," nilisema. "Nilikukwangua mimi."

"Wewe?"

"Kwa wembe. Ulikuwa na wiki tatu tu tangu uondoke. Hakuna aliyeniambia. Jina lako kwenye daftari la shule lilikuwepo hata Januari ile, Kabula. Ungeingia kwa mwalimu wangekupokea."

Aliondoa kidole chake kwenye jina langu. "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Mimi? Sikuwa na godoro."

"Wa ndoo. Na wa kila mtu kukupenda. Na nilimsikia Holo akisema anakupa ili urudi. Nilijua."

Alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akairudisha. Mwalimu mkuu alikuja mbio na tabasamu, akauliza kama mama zetu wako tayari kwa keki. "Nduhu mhayo, hakuna neno, mwalimu, tunakuja," Kabula alimjibu, na mwalimu alipoondoka yeye alinyoosha mkono akachukua kile kisu cha keki. Alifungua utepe, akaukunja vizuri na kuuweka mezani. Akanipa kisu, akaisogeza ndoo mbele yangu.

"Kwangua."

Rangi ile nilikuwa nimeipaka nene. Nilianza na A ya mwisho, nikarudi nyuma herufi moja moja, nikijua ndani ya moyo wangu kwamba nikifika katikati atanishika mkono aseme basi, yameisha. Watu walishaanza kugeuka kutuangalia, sahani mkononi. Nilifika katikati, nikapunguza mwendo. Hakunishika. Nikaendelea, vumbi la kijani likianguka kwenye kitambaa cheupe, na bado nilikuwa na kijicho, kwamba ana marumaru ukutani na sasa anachukua na bati langu. Nilipodhani nimemaliza niliweka kisu chini.

Kabula aliinama karibu na ndoo, akaangalia vizuri.

"Hapo kwenye M bado," alisema.